Unataka kuinua nyusi kwa oparesheni? Anza na kioo

Wengi wanaokuja kliniki kwetu wanaanza hivi hivi: "Dokta nipunguzie hizi ngozi za juu ya macho, kila mtu ananiuliza kama nimekasirika." Mimi kabla ya chochote nampa kioo. Namwambia afumbe macho, alegeze paji la uso kabisa, halafu afumbue taratibu bila kukunja kitu, hapo ndo unaziona nyusi pale zinapokaa kweli, na mara nyingi zimeteremka chini ya mfupa wa juu ya jicho zikaisukuma ngozi ikalalia kope. Zinyanyue kidogo kwa kidole, ile "ngozi iliyozidi" inapungua yenyewe. Kumbe shida sio kope.

Nalikazania hili kwa sababu mtu wa hivyo anashinda amezinyanyua nyusi kwa msuli wa paji bila kujijua, ndo maana ana ile mistari na jioni paji linamchoka, sasa ukimkata ngozi ya kope peke yake jicho linakuwa jepesi, msuli unapumzika, na nyusi zinashuka kuliko mwanzo. Wapo wanaohitaji vyote viwili. (Ila kama unyusi umeshuka ghafla upande mmoja, au mdomo umepinda, hayo si mambo ya urembo, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.)

Oparesheni yenyewe huwa saa 1 mpaka 2, kwa nusu kaputi au ganzi pamoja na dawa ya kusinzia. Nyingi siku hizi ni za kamera ndogo inayopitishwa chini ya ngozi: vitundu 3 hadi 5 vinavyojificha ndani ya nywele, tunaachanisha tishu na mfupa, tunalegeza misuli inayokunja uso, tunapandisha na kushikiza. Mwenye paji refu tunamkata pale nywele zinapoanzia, maana njia nyingine zinalirefusha zaidi.

Simu huwa zinapigwa siku ya pili au ya tatu. Uvimbe na damu iliyovilia vinateremka kutoka kwenye paji mpaka machoni na mtu anadhani kaharibiwa, wakati ndo kawaida, lala kichwa kikiwa juu. Nyuzi au pini zinatoka kama siku ya 7 hadi 10, na nyusi mwanzoni zinakaa juu kama umeshtuka, baadaye zinatulia. Utosi unaweza kukaa na ganzi miezi kadhaa kisha unaanza kuwasha, ni mishipa ya fahamu inaamka. Draya ya moto kaa nayo mbali kipindi hicho, utajiunguza na hutasikia.

Hatari zipo: damu kujikusanya, maambukizi, nywele kunyonyoka kwenye kovu, nyusi kutolingana, na paji kushindwa kunyanyuka, mara nyingi kwa muda tu. Kama makovu yako huwa yanavimba na kukua, sema mapema. Sigara iache angalau wiki 4 kabla, na kama unatumia aspirini au dawa za kuyeyusha damu tuambie, usiziache mwenyewe. Asiyetaka kisu kuna Botox, sindano ya kulegeza misuli, inanyanyua kidogo sana kwa miezi 3 au 4.

Na picha ya staa usije nayo. Njoo na yako ya miaka 10 au 20 nyuma, maana kuna siku tunaiweka mezani tunakuta nyusi zilikuwa hapo hapo tangu ujana, na huyo huwa namrudisha nyumbani bila kumgusa.