Mnara wa Galata: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Wageni wengi wa Istanbul huambiwa kuwa Mnara wa Galata ndio uliofungiwa ule mnyororo mkubwa wa kuzuia meli za adui kuingia Pembe ya Dhahabu, ghuba iliyokuwa bandari ya jiji. Sivyo. Mnyororo ulifungiwa kwenye mnara mwingine kabisa, uliokuwa chini ufukweni, na Wanajeshi wa Msalaba waliuteka mwaka 1203. Huu wa leo ulijengwa mwaka 1348 na Wajenoa, wafanyabiashara wa Kiitalia waliokuwa na mji wao, Galata, ng'ambo ya Konstantinopoli (jina la zamani la Istanbul). Waliuweka kileleni mwa ngome yao ili kulinda upande wa nchi kavu. Kutoka mlangoni pake hadi majini ni mteremko mkali wa vichochoro. Huwezi kufunga bandari kutokea huko juu.

Wapo pia wanaodhani Waturuki waliuteka kwa mizinga mwaka 1453. Iliyopigwa mizinga na kuvamiwa ni Konstantinopoli. Galata ilijisalimisha, na Sultani Mehmed II akawapa wakazi wake hati ya amani.

Kisa kinachopendwa kuliko vyote ni cha Hezarfen Ahmed Çelebi. Inasemekana katika karne ya 17 alijifunga mabawa, akaruka kutoka mnarani na kutua Üsküdar, upande wa Asia, umbali wa zaidi ya kilomita 3. Ni kisa kitamu, nami nakipenda, lakini shahidi wake ni mmoja tu: msafiri Evliya Çelebi, ambaye alizoea kutia chumvi. Anasema Sultani Murad IV alikuwa akitazama. Jambo kubwa hivyo, mbele ya mfalme, lingeandikwa na wengine pia.

Wanaostahili sifa hawatajwi. Tangu 1717 walinzi walikaa juu kuangalia moto katika jiji lililojaa nyumba za mbao, wakipiga ngoma kubwa kuwatahadharisha watu. Mnara wenyewe uliungua mwaka 1794, kisha 1831.

Na lile paa lililochongoka linalopamba kila picha si la Wajenoa. Dhoruba iling'oa paa la zamani mwaka 1875. La sasa ni la ukarabati wa 1965 hadi 1967, ambao pia uliweka zege palipokuwa na mbao ndani. Anayetaka kuona kazi ya Wajenoa aangalie ghorofa za chini, kwenye kuta za mawe zenye unene wa karibu mita 4.