Kobe na Baridi ya Nakuru

Kuanzia Juni hadi Agosti, wafugaji hutuletea kobe aliyeacha kula, wakituambia amelala usingizi wa msimu wa baridi. Kobe wa madoa, ambaye ndiye anayefugwa sana kwetu, hana usingizi huo. Huyo ni mgonjwa.

Mwili wa kobe haujitengenezei joto; hulipata kwa jua na ardhi. Asipopata mahali pa kuotea penye nyuzi 28 hadi 32 mchana, chakula hukaa tumboni bila kusagika na kinga ya mwili hulegea. Kobe aliyezoea joto la Marigat, kwenye mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, akiletwa Nakuru kwenye mita 1,850 na kulazwa juu ya saruji, hana pa kukimbilia. Mwenzake wa porini angejisogeza kichakani.

Baridi kavu huivumilia kiasi. Inayomuua ni baridi yenye unyevu. Mtazame akipumua: ananyoosha shingo, anaachama, puani mna mapovu, na ukikaribia unasikia mluzi mdogo. Kobe hawezi kukohoa vizuri kama sisi, kwa hiyo makohozi hubaki mapafuni. Mwone daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Usiku mlaze katika sanduku la mbao lililoinuliwa kutoka sakafuni na kutandikwa nyasi kavu. Ning'iniza balbu ya kulelea vifaranga upande mmoja tu, ili akizidiwa na joto ahamie mwingine. Jiko la makaa usiliweke kabisa. Gesi yake huua kimyakimya, watu na wanyama. Kwa walio Kisumu joto lipo, lakini banda lisiingie maji ya mvua.

Mchana mtoe nje. Jua lililopita kwenye kioo cha dirisha halimsaidii kutengeneza vitamini D, na bila hiyo gamba hulainika. Chakula chake ni nyasi, sukuma wiki kidogo tu. Ugali na mkate (naam, tunaviona) si vyake.

Halafu kuna sheria. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga kobe wa porini bila kibali ni kosa, hata kama ulimwokota barabarani. Asiye na kibali awasiliane na ofisi iliyo karibu ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori Kenya. Usimwachilie kisiri usiku porini, kama kule kreta ya Menengai karibu na Nakuru. Anaweza kuwaambukiza wenzake wa porini maradhi aliyoyapata nyumbani kwako.