Kijana Akifungiwa Leseni, Bima ya Familia Inaguswaje?

Nchini Marekani kijana wa miaka 16 anaweza kuwa na leseni, lakini ni nadra awe na bima yake mwenyewe. Kwa kawaida jina lake linaongezwa kwenye mkataba wa wazazi, na kuanzia hapo rekodi yake ya udereva inaingia kwenye hesabu ya nyumba nzima. Ndiyo maana jimbo likimfungia leseni, mzazi ndiye anayeanza kupiga hesabu.

Leseni iliyofungiwa hurudishwa muda ukiisha na masharti yakitimizwa, tofauti na iliyofutwa, ambayo lazima iombwe upya. Kampuni ya bima, hata hivyo, inaangalia zaidi kosa lenyewe kuliko urefu wa adhabu. Yapo majimbo, West Virginia mojawapo, yanayoweza kumfungia leseni mwanafunzi mtoro wa shule. Utoro hausemi lolote kuhusu mguu wake kwenye breki. Pombe ni habari nyingine kabisa. Mtu mzima anahesabiwa mlevi kipimo cha pombe kwenye damu kinapofika asilimia 0.08 katika majimbo karibu yote (Utah ni 0.05), lakini kwa aliye chini ya miaka 21 kila jimbo limeweka kikomo cha 0.02 au pungufu. Bia moja inaweza kutosha kumtia hatiani, na kosa la namna hiyo huibebesha familia ada kubwa ya bima kwa miaka kadhaa.

Ada si lazima ipande wiki ileile. Kampuni nyingi huchungulia rekodi za madereva wakati wa kuhuisha mkataba, yaani kila baada ya miezi 6 au 12, na wazazi wengine hudhani kimya hicho ni msamaha. Kumbe ndani ya mkataba wa kawaida kuna kifungu ambacho wachache hukisoma. Siku 60 za mwanzo zikishapita, kampuni haiwezi kukatisha bima katikati ya muda kwa kujisikia tu. Sababu zinazoruhusiwa ni chache: kutolipa, udanganyifu, na leseni kufungiwa. Leseni ya nani? Ya mwenye bima, au ya dereva yeyote anayeishi naye, au ya anayeendesha gari hilo mara kwa mara. Kwa hiyo mama ambaye hajawahi kuandikiwa faini anaweza kupoteza bima kwa kosa la mwanawe. Sheria za majimbo hutofautiana, na kampuni nyingine husubiri tu muda wa kuhuisha ndipo zipandishe ada au zikatae kuendelea.

Wazo linalomjia mzazi haraka ni kumtoa kijana kwenye bima. Kufuta jina peke yake mara nyingi hakuiridhishi kampuni, kwa sababu kijana bado analala nyumba hiyohiyo na funguo zinaning'inia palepale. Kinachotakiwa ni maandishi yenye saini kwamba yeye ametengwa, haendeshi gari hilo kabisa. Ada inaweza kushuka, ila hapa ndipo ningemsihi mzazi asome kila mstari. Tuseme gari limeziba njia, baba yuko bafuni, kijana anachukua ufunguo alisogeze kidogo tu, na anagonga gari la jirani. Dereva aliyetengwa ndiye aliyekuwa kwenye usukani, hivyo kampuni inaweza isilipe hata senti, na jirani akamdai mzazi. Majimbo mengine hayaruhusu kabisa utaratibu huu. Kule California, mzazi aliyesaini ombi la leseni ya mtoto hubeba dhamana ya madhara anayosababisha barabarani, hadi kiwango kilichowekwa na sheria. Anaweza kujitoa kwa kuomba leseni hiyo ifutwe.

Kumficha kijana kampuni isijue kwamba anaishi hapo ni kubaya zaidi. Huo ni udanganyifu, na kwa kawaida hugunduliwa siku ya kudai fidia.

Muda ukiisha, majimbo mengi hudai hati iitwayo SR-22 kabla ya kurudisha leseni baada ya makosa mazito. SR-22 si bima, ingawa watu huiita hivyo. Ni uthibitisho ambao kampuni hulipelekea jimbo kwamba dereva huyu ana bima halali, na mara nyingi huhitajika kwa miaka 3. Florida, kwa makosa ya pombe, hutaka hati nyingine ya aina hiyo iitwayo FR-44, yenye viwango vya juu zaidi vya fidia. New York na Pennsylvania hazitumii SR-22. Si kila kampuni hukubali kuitoa, kwa hiyo huenda kijana akalazimika kukata bima yake kwingine, kwa bei ya juu. Na malipo yakikatika, kampuni hiyohiyo hulijulisha jimbo, leseni inafungiwa tena, na kwingine miaka inaanza kuhesabiwa upya.