Pedi nyeusi si pedi safi

"Fundi, nishonee nyeusi, hata nikiianika mtu asijue ni nini." Ombi hili haliwaishi wanaoshona pedi za kufua hapa Dodoma, na waombaji wanaamini weusi ndio usafi. Nyeusi haiondoi damu, inaificha, tena inamficha hata anayefua. Anaona imetakata, anaacha kusuuza, na mabaki yaliyojibanza ndani ndiyo yanayotoa harufu mwezi unaofuata. Halafu pedi hiyo hiyo inaanikwa chini ya khanga au nyuma ya mlango, inakaa mbichi siku mbili, na jua liko nje bure!

Kwa hiyo urembo wa pedi una kazi. Tabaka linalogusa ngozi liwe pamba ya rangi isiyokolea, doa lionekane mpaka litoke. Upande wa chini ndipo pa kuringia: kitenge cha maua makubwa, kitu ambacho binti ataning'iniza kambani mbele ya shangazi zake bila kuinamisha kichwa. Kitenge kipya kifuliwe kabla ya kukatwa, maana kina wanga na husinyaa.

Urefu uwe sentimita 25 kwa mchana, 30 kwa usiku, na upana wa katikati 7 mabawa yakishafungwa. Taulo la ndani matabaka mawili tu. Ukishona manne pamoja, nje patakauka na katikati patabaki unyevu. Anayetokwa na damu nyingi mshonee mfuko wenye kipande cha kutoa. PUL, yaani kitambaa kisichopitisha maji kinachokaa kati ya taulo na kitenge, usiichome pini, wala usipitishe mshono wa urembo katikati, kila tundu la sindano ni mlango wa kuvuja. Tumia vibanio, sindano namba 75, ushone pembeni. Taulo nalo liishie sentimita 1 kabla ya mshono, la sivyo damu itafuata nyuzi za pamba mpaka kwenye kitenge.

Wengine hukimbilia maji ya moto ili kuua vijidudu. Moto hugandisha damu kwenye nyuzi. Loweka kwenye maji baridi mara tu unapoivua, suuza mpaka maji yatoke safi, ndipo utie sabuni. Kwenye mgao wa maji hilo ni muhimu zaidi, kwani damu iliyokauka ndiyo inayomaliza ndoo. Dawa ya kulainisha nguo huacha utando, pedi ikakataa kunyonya. Ya kung'arisha hula PUL.

Eti mwenye hedhi akiingia bustanini mboga hunyauka? Mchicha wa Dodoma hunyauka kwa kukosa maji.

Na wanaosema pedi za maua ni za wanafunzi, mtu mzima atosheke na tambara: tambara halina mabawa, linahama ukitembea. Kwa mama, weka vifungo viwili vya kubonyeza kwenye bawa moja, kimoja mbele ya kingine, pedi ishike chupi nyembamba na pana.