Mto Unaokwenda Pande Mbili: Maelezo kwa Anayeanza Kusimama Ubaoni

Ninafundisha watu kwenda majini wakiwa wamesimama juu ya ubao, na darasa langu la kwanza huwa Ziwa Duluti, pale Tengeru nje kidogo ya Arusha, kwa sababu ni ziwa dogo la kreta lililozungukwa na msitu, halina mkondo, na upepo wake wa asubuhi hauna nguvu ya kumsumbua mtu. Baada ya vipindi vitatu au vinne mwanafunzi huanza kuuliza lini tutakwenda Pangani, mji wa pwani ya Tanga ulio pale Mto Pangani unapoingia baharini. Silijibu swali hilo kwa kutazama anavyosimama. Nalijibu kwa kuhesabu siku za mwezi, jambo ambalo wengi huliona kuwa kisingizio cha mwalimu asiyetaka safari.

Neno moja kwanza. Huku bara tumezoea kusema kasia kwa kila kitu cha kusukumia chombo majini, lakini watu wa pwani hutofautisha: kasia ni lile refu linalofungwa ubavuni mwa mashua, na kafi ni lile linaloshikwa mkononi bila kufungwa popote. Chetu ni kafi, ingawa ni refu kuliko la mtumbwi, kwa kuwa humpita mwenyewe kimo kwa shubiri moja hivi.

Mtu aliyekulia chini ya Meru au Kilimanjaro anaujua mto kama kitu kinachoshuka tu. Karanga, Weruweru na Kikafu hutoka mlimani, huingia Kikuletwa, na Kikuletwa hukutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako Mto Pangani huanzia. Kwa hiyo maji tunayoyakuta Pangani ni, kwa sehemu, yale yale yaliyopita chini ya madaraja ya barabara ya Arusha na Moshi. Tofauti ni kwamba yakikaribia bahari hupoteza uhuru wao. Bahari inapojaa huyasukuma yarudi bara, na inapokupwa huyaachia yatoke kwa nguvu, na jambo hilo hutokea mara mbili kwa siku. Mwanafunzi wa Duluti anayeshusha ubao hapo bila kujua maji yako katika hali gani hana tofauti na mtu anayepanda basi bila kusoma kibao cha mbele.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, nayo bahari hupata bamvua: siku hizo, na siku moja au mbili zinazofuata, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii huzidi mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo hukinzana, na tunapata maji mafu, ambayo tofauti yake huweza kuwa kama mita 1 tu. Mto ni ule ule na kingo ni zile zile, lakini kiasi cha maji kinachopaswa kuingia na kutoka kwa muda ule ule kimepungua sana, na kasi ya mkondo hupungua pamoja nacho.

Kasi hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Anayeanza, akiwa amesimama na kuvuta kafi bila kuchoka, huenda kilomita 3 au 4 kwa saa. Mkondo wa noti 2, ambao mabaharia hawauoni kuwa mkali, ni karibu kilomita 3.7 kwa saa. Ukiupinga utatoka jasho ukiutazama mnazi ule ule wa ukingoni kwa nusu saa. Tena mkondo hauendi kwa mwendo mmoja: katika saa sita za maji kujaa au kupwa, saa mbili za katikati peke yake hubeba karibu nusu ya mabadiliko yote ya kina, na hapo ndipo maji huwa makali zaidi. Mtoni kuna nyongeza, kwani maji yanayotoka bara hujiunga na maji kupwa, hivyo kutoka kwa maji huchukua muda mrefu na nguvu zaidi kuliko kuingia kwake, hasa wakati na baada ya mvua za masika.

Haya sikuyajua nilipofika Pangani mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshafundisha Duluti kwa muda na nilijiona mtu wa maji. Nilishusha ubao saa 7 mchana, siku mbili baada ya mwezi mpevu, wala sikumuuliza mtu. Nilielekea juu ya mto na nikasifu nguvu za mikono yangu, kumbe ni bahari iliyokuwa ikiingia na kunibeba. Nilitua nikala embe. Niliporudi majini jioni maji yalikuwa yamegeuka, na kila nilichokuwa nimekipita sasa kilinijia kwa haraka: mitumbwi, nguzo, mashua zilizotia nanga. Nilianguka karibu na mashua moja, ubao ukapita upande huu wa kamba ya nanga na mimi upande ule, na kamba iliyoniunganisha na ubao ilikuwa imefungwa kwenye kifundo cha mguu. Maji yalivuta ubao, ubao ukavuta mguu, nami sikuweza kujikunja kufikia kifundo kwa sababu mkondo ulikuwa unaninyoosha kama nguo iliyoanikwa. Kichwa kilikuwa juu, lakini kwa taabu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu ndani ya mashua ya jirani alikuja na mtumbwi, akaikata kamba kwa kisu bila kusema neno. Nilipopata pumzi nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," alisema, kisha akauliza, "Huko kwenu mto haurudi?"

Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi wangu anayeingia kwenye maji yanayotembea akiwa amefungwa mguuni. Ziwani kamba ya mguuni inafaa, kwa kuwa hakuna cha kuikamata na ubao ukienda na upepo huwezi kuufikia kwa kuogelea. Penye mkondo na vyombo vilivyotia nanga, kamba hufungwa kwenye mkanda wa kiunoni wenye kifungio kinachofunguka kwa mvuto mmoja, na kifungio hicho huwekwa mbele ambapo mkono wowote unakifikia. Tunakifungua mara kumi ufukweni, halafu mara kumi tena ndani ya maji ya kiuno huku macho yamefumbwa. Jaketi okozi huvaliwa na kukazwa, halibebwi juu ya ubao kama mkeka. Nimewahi kuambiwa kwamba nazidisha. Sijali.

Kuhusu msongamano, Pangani kuna pantoni linalovuka kati ya mjini na Bweni, ng'ambo ya mto, kuna mashua za wavuvi zinazotoka na kurudi kwa kufuata maji, na kuna mitumbwi inayokatiza popote. Ubao ndio chombo chepesi kuliko vyote hapo, na chepesi humpisha kizito. Usingoje pantoni likukwepe, maana haliwezi kusimama wala kupinda kama pikipiki. Lakini litazame vizuri kabla ya kushusha ubao, kwa sababu linafundisha bure. Maji yakiwa makali, pua yake haielekezwi kwenye gati la ng'ambo. Huelekezwa juu zaidi, dhidi ya mkondo, na chombo huenda kimshazari hadi kinafika pale pale kinapotakiwa. Mwenye kafi naye huvuka hivyo hivyo: pua ya ubao itazame unakotoka mkondo kwa pembe ndogo, uvute taratibu, na maji yenyewe yatakusogeza ng'ambo. Anayeelekeza pua moja kwa moja kwenye mnazi anaoutaka hufika kwenye mnazi wa saba kutoka ule.

Mwili uliosimama ni tanga. Upepo ukiongezeka piga magoti, ukizidi lala kifudifudi uvute kwa mikono. Hakuna aibu yoyote, ingawa vijana hupenda kusimama kwa sababu ya picha. Ukianguka, anguka ubavuni mbali na ubao na ujitandaze juu ya maji, kwani chini kunaweza kuwa na tope, mawe au mizizi ya mikoko. Mlangoni mwa mto hatuendi kabisa: pana fungu la mchanga, na maji yanayotoka yakikutana na upepo wa kusi yanasimamisha mawimbi mafupi yasiyomfaa anayeanza. Juu sana hatupandi vilevile, kwa kuwa Mto Pangani una mamba, na wenyeji ndio wanaojua wako wapi msimu huo. Mimi hukodi mashua yenye injini na nahodha wa pale pale, ikae karibu nasi muda wote.

Sasa turudi kwenye kalenda. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, kwa hiyo asubuhi yote ni maji kutoka, ambayo humpeleka anayeanza baharini. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa 4 au saa 5 asubuhi, mkondo ni mpole, na upepo wa bahari bado haujaamka. Ndiyo sababu natazama nusu ya mwezi. Tunatoka Arusha alfajiri ya siku iliyotangulia, tunapita Moshi, Same, Korogwe na Muheza, tunalala Pangani, na saa 2 asubuhi tunakutana na nahodha kumuuliza maji, kwa sababu mtoni mgeuko wa mkondo hauendi sawa na jedwali la bahari na yeye ameshauona jana. Saa 3 tunashusha mbao na kupanda na maji yanayomalizia kuingia, ili aliyechoka asukumwe bara na si baharini. Maji yakisimama, povu lililokuwa likipita kando ya nguzo za gati huanza kuzunguka mahali pamoja bila kujua liende wapi, na hapo natoa ishara ya kugeuka. Tunarudi polepole na maji ya mwanzo ya kutoka, na kabla ya saa 6 mbao zimeshasuuzwa chumvi kwa maji ya bomba na kulazwa kivulini, na kwa kuwa ni mbao za kujazwa upepo, zikiwa zimepunguzwa upepo huo kidogo zisipasuke kwa joto.