Kidole cha jezi: jeraha la kung'ang'ania nguo ya mpinzani

Katika raga, mkabaji aliyechelewa hatua moja huambulia jezi tu. Vidole vinanasa kwenye kitambaa, mwenye mpira anachomoka, na kidole kinanyooshwa kwa nguvu huku msuli wake ukiwa bado unakikunja. Kano inayokunja ncha hunyofoka kwenye mfupa, pengine na kipande cha mfupa wenyewe. Takriban mara tatu kati ya nne huwa ni kidole cha pete, kwa kuwa ukishika kitu kwa nguvu ncha yake ndiyo hujitokeza zaidi.

Jeraha hili hudanganya. Kidole hakijapinda, na bado kinakunjika katikati, maana kazi hiyo ina kano yake nyingine. Basi kinafungwa plasta pamoja na jirani yake, mchezo unaendelea. Kipime hivi: laza mkono mezani, kiganja juu, shikilia pingili ya kati isisogee, kisha mwambie mchezaji akunje ncha peke yake. Isipokunjika, aende hospitali siku hiyo hiyo. (Ikikunjika lakini ikashindwa kunyooka, iliyoumia ni kano ya upande wa mgongo wa kidole, na hiyo mara nyingi hupona kwa gango, yaani kibanzi cha kuzuia kidole kisisogee, la wiki 6 hadi 8.)

Haraka ya nini? Kano iliyokatika huvutwa na msuli wake kuelekea kiganjani. Ikifika huko hukosa damu na kujikunyata, hivyo upasuaji unatakiwa ndani ya siku 7 hadi 10. Ikinasa njiani muda huwa mrefu zaidi, ila kwa kutazama tu huwezi kujua imeishia wapi. Uvimbe wenye maumivu kiganjani ni dalili mbaya. Eksirei huonyesha mfupa, si kano. Picha safi isikutulize.

Uwanjani, vua pete kabla uvimbe haujaibana, funga barafu kwenye kitambaa uiweke dakika 15 hadi 20, inua mkono. Usikichue kidole wala kukivuta: hakijateguka, hakuna cha kurudisha.

Baada ya upasuaji gango hukaa wiki 5 au 6, pamoja na mazoezi anayoelekeza mtaalamu wa viungo, na kushika kwa nguvu husubiri miezi 3 hivi. Hatari kubwa ni wiki za mwanzo: maumivu yamepungua, mgonjwa anavua gango abebe ndoo ya maji, na mshono unakatika.