Shiti Moja, Nguvu Mbili

Fundi mmoja wa majiko pale Ujiji alinionyesha vipande viwili vya alumini. Kimoja kilikunjika vizuri, kingine kikafanya ufa kwenye kona. "Mwalimu, ni shiti ileile, nimeikata mwenyewe." Nikamwambia aangalie ile mistari myembamba juu yake. Imefuata njia shiti ilikopita kati ya roli, yaani mitungi inayoibana kiwandani. Mkunjo ukienda sambamba na mistari, ufa huwahi. Ukiikingama, shiti huvumilia.

Metali ni punje za fuwele zilizobanana. Ndani ya punje, tabaka za atomi huteleza kwa urahisi kuelekea pande fulani tu. Roli huzirefusha punje na kuzielekeza upande mmoja, kama nywele zilizochanwa, basi nguvu nayo hutofautiana kwa upande.

Mimi hushughulika na ubanaji mkali zaidi ya huo. Miaka ya 1970 kule Minsk, Belarusi, mtafiti Vladimir Segal na wenzake walianza kusukuma fimbo ya metali kwenye kalibu yenye njia iliyopinda kona. Fimbo hutoka na unene uleule, kwa hiyo unairudisha tena na tena, hadi punje ziwe ndogo kuliko mikromita 1, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Mipaka ya punje huzuia mtelezo. Ikiongezeka, metali hukaza. Alumini safi iliyolainishwa, ambayo huanza kulegea (kubadilika umbo bila kurudi) kwenye megapaskali 30 hivi, kipimo cha nguvu kwa eneo, huvuka 100.

Wengi hufurahia namba hiyo wakaishia hapo. Mimi huuliza: ni nguvu ya upande upi? Fimbo ikiingia kila mara bila kugeuzwa, punje hurefuka kimshazari. Ukiizungusha nyuzi 90 kila safari, kwa mwelekeo uleule, baada ya safari nne punje hukaribia kuwa duara.

Lakini umbo la punje si mwelekeo wa fuwele zake. Alumini ina njia 12 za mtelezo, kwa hiyo haisumbui sana. Magnesi ndiyo iliyonifundisha adabu: kwenye joto la kawaida huteleza hasa kwenye bapa moja, yaani aina moja tu ya tabaka za atomi. Kalibu ikiyainamisha mabapa hayo karibu nyuzi 45, aloi ya magnesi yenye punje ndogo zaidi inaweza kulegea mapema kuliko ilivyokuwa, ukiivuta kwa urefu. Ibane kwa upande mwingine, inakataa.

Ndiyo maana sikubali sampuli moja. Hukata tatu: urefu, upana, unene.

Yule fundi sasa huchora mshale wa chaki kwenye shiti kabla ya kushika mkasi.